Mafuta yakimwagika baharini, vijidudu vinayamaliza kwa muda gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila inapotoka habari ya meli kupasuka au bomba kuvuja, na mengi yanakuja yakiwa yameshabeba jibu ndani yake. Kuna wanaosema bahari inajisafisha yenyewe kwa hiyo tusihangaike, na kuna wanaosema mafuta yakishaingia baharini ndo basi tena, hayatoki mpaka kiama. Yote mawili si kweli. Ukitaka kujua mafuta yatakaa muda gani, usianze kuuliza yamemwagika lita ngapi, uliza kwanza yameenda kukaa wapi.

Nipe jibu la haraka basi, ni siku ngapi?

Kama yamesambaa kama vitone vidogo vidogo kwenye maji yenye hewa ya kutosha, zile sehemu nyepesi zinapungua nusu ndani ya siku kadhaa mpaka wiki kadhaa. Yakitua ufukweni pale mawimbi yanapopiga na hewa inaingia, hesabu miezi mpaka miaka kadhaa. Yakizama kwenye tope la mikoko au chini ya changarawe pasipofika hewa, hapo hesabu miongo, yani mtu anaweza kuzaliwa, akakua, akaoa, na mafuta bado yapo. Na kuna ile sehemu nzito inayofanana na lami, hiyo vijidudu karibu haviigusi kabisa, iwe wapi na iwe lini.

Halafu angalieni hilo neno nusu, manake linachanganya wengi. Mtafiti akisema nusu inaisha kwa siku tano, hajasema yote yataisha kwa siku kumi. Siku ya kumi itabaki robo, siku ya ishirini itabaki moja ya kumi na sita, na kadri unavyosogea ndivyo kinachobaki kinakuwa kile kigumu zaidi kwa hiyo hata hiyo kasi yenyewe inashuka. Vyombo vya habari vikichukua namba ya siku tano peke yake watu wanaenda kulala wakijua bahari imeshapona.

Hivi kweli kuna bakteria anayeishi kwa kula mafuta ya petroli? Siku zote anakuwa wapi?

Yupo, na si mmoja, ni jamii nyingi tu. Anayejulikana zaidi anaitwa Alcanivorax borkumensis, alielezwa rasmi mwaka 1998, amepewa jina la kisiwa cha Borkum kilichoko Bahari ya Kaskazini. Huyu kazi yake ni mafuta tu, sukari hata umpe hana habari nayo. Kwenye maji masafi utampata mmoja mmoja kwa shida, lakini mafuta yakimwagika anazaliana kwa kasi mpaka ndani ya muda mfupi yeye na wenzake ndo wanakuwa wengi kuliko bakteria wengine wote mahali pale.

Watu wanashangaa alikuwa anakula nini kabla binadamu hajachimba mafuta. Alikuwa anakula mafuta hayo hayo! Chini ya bahari kuna nyufa zinazovujisha mafuta zenyewe tangu zamani za kale, na ripoti kubwa ya Marekani ya mwaka 2003 ilikadiria ni tani kama 600,000 kwa mwaka duniani, karibu nusu ya mafuta yote yanayoingia baharini. Zaidi ya hapo kuna viumbe vidogo vya kijani vinavyoelea, Prochlorococcus na Synechococcus, vinaishi kwa jua na vyenyewe vinatengeneza hidrokaboni, yani kemikali za kaboni na hidrojeni kama zilizomo kwenye mafuta, ndani ya miili yao, na utafiti wa mwaka 2015 ulikadiria jumla yake ni mamia ya mamilioni ya tani kwa mwaka. Hivi viko bahari zote za joto, Bahari ya Hindi ikiwemo. Kwa hiyo walaji wa hidrokaboni wapo kila mahali, wanaishi kwa makombo, wanasubiri.

Namna wanavyokula ni hivi. Bakteria anachukua mnyororo wa hidrokaboni, anaupachika oksijeni kwenye ncha, unageuka kuwa aina ya alkoholi, halafu unageuka asidi ya mafuta, na ukishafika hapo ni chakula cha kawaida kabisa, anaumega kaboni mbili mbili kama mwili wako unavyofanya na mafuta ya nazi. Mwisho wake ni hewa ya kaboni, maji, na bakteria wapya. Shida ni kwamba mafuta na maji havichanganyiki, kwa hiyo Alcanivorax anatoa kitu kama sabuni yake mwenyewe ili aweze kung'ang'ania kwenye tone. Utafiti uliotoka mwaka 2023 ulionyesha kwa darubini wakilizunguka tone wakaligandia mpaka likaacha kuwa duara, likaota vidole vidole, na kila kidole kinaongeza sehemu ya kulia. Kitu kizuri sana kukitazama.

Mafuta si ni mafuta, kwanini mengine yaishe mengine yabaki?

Mafuta ghafi si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa maelfu ya kemikali. Kwanza zile nyepesi kabisa hazisubiri bakteria, zinapanda hewani zenyewe, mafuta mepesi yanaweza kupoteza theluthi au hata zaidi kwa njia hiyo ndani ya siku chache tu za mwanzo. Zinazobaki ndo zinaliwa kwa zamu: minyororo iliyonyooka inaanza, inafuata yenye matawi, halafu zile zenye pete moja au mbili, yani kaboni zilizojifunga mduara, halafu zenye pete tatu nne tano zilizoshikana ambazo ndo zenye sumu ya muda mrefu na baadhi yake zinasababisha saratani. Mwisho kabisa resini na asfalteni, yani familia ya lami.

Hii ndo sababu dizeli na mafuta mazito ya kuendeshea meli havifanani hata kidogo. Dizeli inaua haraka ikiwa mbichi lakini inaondoka haraka. Mafuta mazito ya meli yana lami nyingi, bakteria wanatoa kile wanachoweza halafu wanakuachia madonge meusi yanayosafiri na mkondo mpaka ufukwe wa watu wengine kabisa. Yale madonge ya lami unayoyakanyaga ufukweni asubuhi yakakugandia unyayoni hayo ni mabaki ya mlo, walichoweza kula kimeshaliwa.

Deepwater Horizon ndo ile iliyoonyesha vijidudu vina kasi, ilikuwaje?

Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta kwenye Ghuba ya Meksiko ulilipuka, wafanyakazi 11 wakafa, na kisima kilichoko kama mita 1,500 chini ya maji kikaanza kutapika. Kilitapika siku 87 mpaka kilipozibwa Julai 15. Serikali ya Marekani ilikadiria karibu mapipa milioni 4.9 yametoka kisimani, baadaye mahakama ikahesabu milioni 3.19 ndo yaliyoingia baharini baada ya kusikiliza hoja za pande zote na kutoa yaliyodakwa.

Sasa cha ajabu ni kwamba sio mafuta yote yalipanda juu. Yakitoka kwa presha kubwa kule chini yalivunjika vunjika vitone vidogo mno, vikashindwa kuelea, vikabaki vimening'inia kwenye kina cha kama mita 1,100 kama wingu. Timu ya taasisi ya utafiti wa bahari ya Woods Hole walilifuatilia hilo wingu kwa roboti ya chini ya maji wakalikuta lina urefu wa zaidi ya kilomita 35. Huko ni giza tupu na baridi ya nyuzi kama 5, wengi walitegemea hapo hakutakuwa na kinachoendelea.

Kikundi cha Terry Hazen kutoka maabara ya Lawrence Berkeley wakachota maji ndani ya wingu na nje yake. Ndani bakteria walikuwa wengi zaidi, na karibu wote ni wa kundi moja linaloitwa Oceanospirillales, ambalo nje ya wingu lilikuwepo kidogo tu. Wakapima minyororo iliyonyooka inapungua nusu kwa muda gani, wakapata kati ya siku 1.2 na 6.1. Hiyo ndo namba iliyozunguka dunia nzima.

Ila soma vizuri kilichopimwa: minyororo iliyonyooka, ndani ya wingu la vitone vidogo sana, kwenye maji yenye oksijeni, na kwenye bahari ambayo ina nyufa za mafuta za asili kila kona, kwa hiyo bakteria wake wameshazoea kazi. Sio mafuta yote ya ajali. Timu nyingine ya David Valentine wakaonyesha kwamba oksijeni nyingi iliyotumika kule chini siku zile ilitumika kuunguza gesi, propani na ethani, sio mafuta yenyewe. Baada ya hao wakaja walaji wengine, Colwellia, Cycloclasticus anayependa zile pete, na walaji wa methani, kila mmoja kwa zamu yake. Mwaka 2011 wakaripoti methani nayo imeisha ndani ya kama siku 120 tangu mlipuko, ingawa hili lilizua mabishano makali kati ya wataalamu.

Na sehemu nyingine ya mafuta haikuliwa wala haikupanda. Iligandana na ute na vumbi la viumbe vilivyokufa ikashuka taratibu mpaka sakafuni kama theluji chafu, ikafunika matumbawe ya kina kirefu. Nyingine ikaingia kwenye vinamasi vya Louisiana. Mtu akikwambia Ghuba ya Meksiko ilijisafisha kwa wiki chache muulize ile ya sakafuni na ile ya kwenye vinamasi anaihesabu wapi.

Baridi haiwazuii?

Inawapunguza mwendo ila haiwasimamishi. Wapo bakteria wa baridi kabisa ambao nyumbani kwao ni nyuzi 4 au 5, ndo hao Colwellia. Baridi inaumiza zaidi kwa njia nyingine, inayafanya mafuta yawe mazito na yasivunjike vitone.

Kwa hiyo huku kwetu kwenye joto yataisha chapu zaidi?

Hapa ndo napoomba tuelewane vizuri. Joto linasaidia kweli, mafuta yanapanda hewani haraka, bakteria wanazaliana haraka, na jua letu kali linayachoma yale ya juu na kuyabadilisha. Kwenye maji ya wazi nje ya mwamba, nakubali, hali yetu ni nzuri kuliko Alaska.

Lakini mafuta ya kwetu yanamwagikia wapi hasa? Yanamwagikia bandarini, kwenye hori, kwenye ghuba nyembamba zilizozungukwa na mikoko, pale meli zinaposhushia na matenki yalipo. Mwaka 1988 Mombasa ilipata ajali ya namna hiyo, tenki lilitobolewa na karibu tani 5,000 za mafuta ya aina mbali mbali zikaingia hori la Makupa, mikoko ikafa. Na mikoko ikishafa pale haioti tena mwakani kama mahindi, miche inayojaribu kushika inakuta tope bado lina mafuta nayo inadumaa au inakufa.

Mfano uliochunguzwa kwa muda mrefu zaidi uko Panama, nchi ya joto kama yetu. Aprili 1986 tenki la kiwanda cha kusafishia mafuta lilipasuka Bahía Las Minas, karibu na kituo cha utafiti cha Smithsonian kilichoko Galeta, kwa hiyo wanasayansi walikuwa na picha ya mazingira yalivyokuwa kabla, jambo ambalo ni nadra sana. Miaka ikapita, bado ukilikoroga tope mafuta yanapanda juu ya maji na kusambaa rangi rangi, na wakahitimisha kwamba sumu kwenye tope la mikoko itakaa miaka 20 au zaidi. Joto lilikuwepo, bakteria walikuwepo, jua lilikuwepo, na bado.

Kwanini kwenye tope wanashindwa hivyo?

Oksijeni. Ile hatua ya kwanza niliyoeleza juu, ya kupachika oksijeni kwenye mnyororo, ndo mlango wa kazi nzima. Kula gramu moja ya mafuta mpaka iishe kunahitaji zaidi ya gramu tatu za oksijeni, na maji ya bahari ya joto yana miligramu sita au saba tu kwa lita. Piga hesabu mwenyewe, lita moja ya mafuta inanyonya oksijeni yote iliyomo kwenye maji zaidi ya lita laki tatu. Bahari ya wazi inayo maji hayo na upepo unaiongezea hewa kila dakika. Tope halina.

Nenda kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa, chota tope kwa mkono uliangalie. Juu kuna ngozi nyembamba ya kahawia, milimita chache tu, hapo hewa inafika. Chini ya hiyo ngozi tope ni jeusi na linanuka yai viza, na hiyo harufu yenyewe ndo ushahidi kwamba hewa imeisha na bakteria wa huko wanapumulia salfeti badala ya oksijeni. Wapo baadhi yao wanaoweza kula mafuta kwa staili hiyo ila wanaenda pole pole mno. Sasa angalia na matundu ya kaa. Maji yakijaa mafuta yanaelea juu, maji yakipwa mafuta yanashuka na kuzama kwenye yale matundu, na kwenye njia za mizizi, moja kwa moja mpaka kwenye tope jeusi. Njia hizo hizo ambazo kwa siku za kawaida zinaliingizia tope uhai siku hiyo zinaingiza mafuta mahali ambapo hayataliwa.

Pwani ya Saudi Arabia ilitokea hivyo hivyo baada ya vita vya Ghuba vya mwaka 1991, mamilioni ya mapipa yalimwagwa, na wachunguzi waliorudi zaidi ya miaka kumi baadaye walikuta mafuta kwenye matundu ya kaa bado ni ya majimaji. Na kule Massachusetts, tishari liitwalo Florida lilimwaga dizeli ya mtambo mwaka 1969 kwenye kinamasi cha West Falmouth, miaka 30 baadaye wakachimba na kuyakuta yapo sentimita chache tu chini ya udongo. Dizeli! Ile tuliyosema inaondoka haraka.

Tukiwapa mbolea si watafanya kazi haraka?

Swali zuri, na limeshajaribiwa kwa vitendo. Mafuta ni kaboni na hidrojeni tu karibu yote, hayana naitrojeni wala fosforasi, na bakteria hawezi kujenga mwili bila hivyo viwili. Ni kama mtu aliyepewa magunia ya unga bila maji ya kusongea ugali.

Meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipogonga mwamba wa Bligh kule Alaska tarehe 24 Machi 1989, ikamwaga kama tani 37,000. Shirika la mazingira la Marekani na kampuni yenyewe wakapulizia mbolea kwenye fukwe, mwaka ule ule wakatibu zaidi ya kilomita 100. Ilifanya kazi, kasi iliongezeka mara mbili mpaka mara tano kwenye changarawe ambayo maji na hewa vinapita. Halafu mwaka 2001 watafiti wa NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, wakarudi wakachimba maelfu ya vishimo, na zaidi ya nusu ya fukwe walizochimba bado zilikuwa na mafuta chini ya mawe, mengine bado mabichi kabisa. Mbolea haikufika huko, oksijeni haikufika huko.

Kwa hiyo mbolea inasaidia pale tu ambapo upungufu ni wa mbolea. Kwenye tope la mikoko ukimwaga mbolea bila hewa hujasaidia mafuta kuliwa, na ikitoroka kwenda kwenye matumbawe unaotesha mwani unaoyafunika.

Na zile kemikali za kutawanya mafuta?

Wazo lake linaeleweka, ukilivunja tone kubwa likawa vitone vingi vidogo unaongeza sehemu ya bakteria kulia, na mafuta hayafiki ufukweni kama tandiko. Deepwater Horizon walitumia karibu lita milioni 7, na kama milioni 2.9 ya hizo walizipeleka moja kwa moja kwenye mdomo wa kisima, jambo ambalo halijawahi kufanyika kabla. Kuhusu kama ziliwasaidia bakteria au ziliwazuia, tafiti zimetofautiana waziwazi. Upande mmoja unaonyesha vitone vidogo vinaliwa ndani ya wiki chache, upande mwingine, utafiti uliotoka mwaka 2015, ulionyesha kemikali hiyo iliwanyanyua Colwellia ikawakandamiza Marinobacter ambao ndo wala mafuta hodari, na ulaji wa mafuta haukuongezeka.

Mimi msimamo wangu ni kwamba kwenye maji ya kina, mbali na nchi kavu, zinaweza kuwa na ubaya mdogo kuliko ule wa kuacha mafuta yafike mikokoni. Kwenye maji mafupi juu ya matumbawe au kwenye hori, hapana. Hapo hakuna maji ya kutosha ya kuyapunguza makali, na unakuwa umeyachukua mafuta yaliyokuwa yanaelea juu ukayapeleka kwa samaki na matumbawe kwa mkono wako.

Watu wanamwaga sabuni ya unga juu ya dizeli iliyovuja kwenye boti, inasaidia?

Haisaidii. Ule utando wa rangi unapotea machoni, dizeli yenyewe bado ipo, sasa imechanganyika na sabuni ndani ya maji. Uingereza walifanya hivi kwa ukubwa wa kutisha mwaka 1967, meli ya mafuta ya Torrey Canyon ilipogonga miamba, wakamwaga kama tani 10,000 za sabuni za viwandani za wakati ule. Miamba iliyopigwa sabuni sana ilichukua miaka kumi na zaidi kurudi hali yake, ile iliyoachwa na mafuta yake bila sabuni ilirudi mapema zaidi.

Naona mtandaoni wanauza bakteria wa kula mafuta, tununue?

Baharini usipoteze hela. Bakteria wanaofaa wapo tayari kwenye maji, wamezoea chumvi ile, joto lile, na maadui wale. Wa chupa akifika anakuta wenyeji wameshajaa na kinachokosekana ni hewa na mbolea, sio mdomo wa kula. Majaribio ya kuongeza bakteria baharini yameshindwa kuonyesha faida inayoeleweka mara nyingi sana.

Wengine wanauliza kuhusu bakteria wa kutengenezwa maabara. Alishatengenezwa zamani, na Ananda Chakrabarty aliyekuwa kampuni ya General Electric, akawa kiumbe hai kilichofikisha kesi ya hataza, yani haki ya kumiliki ugunduzi, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani na kushinda mwaka 1980. Kesi ikawa maarufu duniani kote, bakteria mwenyewe hakuwahi kumwagwa baharini kula mafuta ya ajali yoyote.

Na mafuta ya bomba la Hoima mpaka Tanga, hayo yakimwagika vijidudu vitayaweza?

Nimeulizwa hili mara nyingi na watu wa Tanga na wana haki ya kuuliza. Bomba lina kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, ndo maana bomba linapashwa moto mpaka kama nyuzi 50, bila hivyo yanaganda njiani.

Kwa upande wa kemia nta ni minyororo iliyonyooka mirefu, chakula ambacho bakteria wanakijua. Tatizo ni umbo. Maji ya Tanga yana joto la nyuzi 25 mpaka 30, kwa hiyo mafuta haya yakitoka kwenye bomba la moto yakaingia baharini yanaelekea kuganda mabonge badala ya kusambaa vitone, na bakteria anakula kwa nje tu. Bonge la ukubwa wa ngumi lina ngozi ndogo sana ukilinganisha na kilichomo ndani, na kemikali za kutawanya nazo hazifanyi kitu kwenye mafuta yaliyoganda. Uzuri wake, mabonge hayazami kirahisi kwenye matundu ya kaa kama dizeli, na yanaweza kuokotwa kwa nyavu na kwa mikono yenye glavu kama watu na vifaa vipo tayari siku hiyo. Kwa hiyo cha kudai pale Chongoleani ni mpango wa kuokota, wenye vifaa na mazoezi ya kila mara, na wavuvi wakiwa ndani yake, badala ya ahadi kwamba bahari ya joto itajimalizia.

Wanajuaje kwamba ni vijidudu vimekula na sio mafuta yamesambaa tu?

Ndani ya mafuta kuna kemikali inayoitwa hopani ambayo bakteria karibu hawaigusi. Wanapima mnyororo fulani dhidi ya hopani kwenye sampuli ile ile. Kama mafuta yamesambaa tu vyote viwili vinapungua pamoja, kama yameliwa mnyororo unashuka na hopani inabaki. Ukisoma taarifa inayosema asilimia fulani imeondoka angalia kama wamepima hivyo, la sivyo imeondoka inaweza kumaanisha imeenda kwa jirani.

Vikishakula samaki wanakuwa salama?

Usiunganishe hivyo. Madhara makubwa ya sumu yanatokea siku za mwanzo, bakteria hata hawajafikia idadi ya kutosha. Mayai na vifaranga vya samaki vinaharibika moyo kwa kiasi kidogo sana cha zile kemikali za pete, na hilo limeonyeshwa kwa jodari kwa kutumia mafuta ya Deepwater Horizon. Samaki mkubwa mwili wake unaweza kuzivunja na kuzitoa kemikali hizo ndani ya muda, chaza na kome hawana uwezo huo kama samaki, wanazikusanya. Mpaka vipimo vitoke, chaza na kome wa eneo lile waacheni.

Mimi ni mvuvi, nikiona mafuta yanakuja nifanye nini?

Piga simu kwanza, Tanzania bara ni TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, Kenya ni Kenya Maritime Authority, na mjulishe wa BMU yenu, kile kikundi cha usimamizi wa ufukwe. Halafu akili yote ielekee kwenye mdomo wa hori, manake kazi ni kuyazuia mafuta yasiingie mikokoni. Mauritius mwaka 2020, meli ya Wakashio ilipovuja kama tani 1,000, watu hawakusubiri, walishona maboya marefu ya kitambaa wakayajaza majani ya miwa na chupa tupu za plastiki za kuyaelesha, wakayazungushia ufukwe wao. Makumbi na majani makavu ya mnazi yanaweza kufanya kazi ya namna hiyo.

Msichimbe shimo mkayafukia mchangani, mtakuwa mmeyanyima hewa. Yale ya ufukweni yaliyo juu yakusanyeni kwa koleo, na glavu, na msikae upande unaopokea upepo wa mafuta mabichi, ile harufu yenyewe ni sumu. Na kama yameshaingia mikokoni msikimbilie kuingia kwa miguu kwenda kuyatoa, hata kama roho inauma kuyaangalia. Kila mguu unaozama unayasindilia chini ya ile ngozi ya kahawia. Wekeni maboya ili yasizidi kuingia, maji yakijaa yale yanayoelea yanatoka yenyewe, hapo ndo myadake kwenye mdomo wa hori.